KITAMBI KIPIMWE, LAKINI SI UKUTANI

Ndugu wafanya kazi, wengi wetu tulicheka tuliposikia kwamba tutapimwa kazini kwa ajili ya unene. Kwetu kitambi ni sifa: mtu akinenepa huambiwa kazi imemkubali. Kicheko kilikwisha ilipobandikwa orodha ya majina na kilo ukutani, karibu na dirisha la karani. Watu wakaanza kuulizana nani atafukuzwa kwanza.

Twasema wazi: kupimwa hatukukatai, bali orodha ile hatuitaki.

Kipimo cha maana hakina gharama. Twaa kamba yenye urefu wako, toka utosini mpaka kisiginoni, uikunje katikati. Toa pumzi, kisha uizungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, basi nenda ukapimwe sukari na presha ya damu. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo, yana hatari kuliko ya mapajani. (Mama mjamzito asipimwe hivi.)

Mizani peke yake yadanganya. Hesabu yake ni kilo kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25 mtu huitwa mzito. Ndugu mmoja wa genge la njia ana kilo 80 na urefu wa sentimeta 173. Akapata karibu 27, akaandikwa mnene. Kiuno chake ni sentimeta 82! Ile ni misuli ya kubeba mataruma. Naye gadi mmoja, mikono myembamba kama fito, hakuandikwa neno, na kamba ilimpungukia.

Jambo hili si geni kwa watu wa usafiri. Mwaka 1956 Jerry Morris na wenzake walitoa habari za suruali za yunifomu za watu wa mabasi ya London. Madereva, wenye kukaa kutwa, walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi, na ugonjwa wa moyo uliwapata zaidi madereva. Kweli, hata madereva vijana walivaa suruali pana, kwa hiyo kiti hakibebi lawama yote. Lakini wale mabwana walitoa hesabu tu, hawakutoa majina.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Basi twataka muuguzi apime faraghani, karatasi apewe mwenyewe mkononi, na aliyepungukiwa na kamba aende kliniki bila kukatwa mshahara. Tena dereva afikaye saa nane usiku hupata nini ila chapati na soda? Nyumba ya mapumziko ipikwe maharagwe na sukuma.

Mpaka orodha ile ibanduliwe, twaomba wanachama wa tawi letu wasipande mizani ile. Kamba twajipimia wenyewe, saa ya chai.