Amepona uvimbe wa ubongo, lakini kusimulia kunamshinda

Mtoto aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo pale Muhimbili, kisha akamaliza mionzi Ocean Road, akirudi nyumbani watu humpima kwa salamu. Akiitikia na kuwataja shangazi zake kwa majina, husemwa alhamdulillah, amepona. Kwa maoni yangu kipimo hicho hakitoshi. Mwambieni asimulie kisa.

Kutaja majina na kusimulia ni kazi mbili tofauti. Anayesimulia kisa cha Nabii Yunus (a.s.) hana budi kukumbuka nani walikuwemo chomboni, kwa nini ilipigwa kura, lipi lilitangulia kumezwa na samaki na lipi lilifuata. Wakati huo huo anatafuta maneno na kuangalia kama msikilizaji anamfuata. Yote haya yanataka kushika mambo mengi akilini kwa pamoja, na wepesi wa kufikiri. Mionzi ya kichwani hudhoofisha vitu hivyo hivyo, hasa kwa mtoto mdogo ambaye nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo wake bado zinakua. Athari yake huweza kuonekana miaka kadhaa baadaye, wenzake wanaposonga mbele darasani naye akabaki.

Mara nyingi uvimbe wa watoto huota upande wa kisogoni, kwenye serebela, sehemu ambayo wengi tulifundishwa kuwa kazi yake ni kuuweka mwili sawa usipepesuke. Ina kazi katika usemi pia. Kwa uvimbe uitwao medulloblastoma, takriban mtoto mmoja kati ya wanne hunyamaza kimya siku moja au mbili baada ya upasuaji, na kimya hicho huweza kuchukua siku chache au miezi. Maneno hurudi, ila mara nyingi polepole. Hapo ndipo majini husingiziwa! Dua na ruqya msiache, lakini na kliniki msiache.

Linaloniudhi zaidi ni fimbo. Mtoto anasoma Fatiha na sura alizohifadhi kabla ya kuugua bila kukosea, lakini akitakiwa kueleza kisa alichofundishwa jana anakwama. Basi huitwa mvivu, au mjeuri. Cha zamani kimebaki, kujifunza kipya ndiko kumekuwa kuzito. Ustadhi na mwalimu wa shule wampe muda, wamwulize swali moja moja, wamsimulie wao kwanza kisha naye arudie.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na sisi watabibu huulizia kutapika na kutembea, hadithi hatuulizii. Kwa hiyo mzazi aulize yeye. Aombe barua ya shule inayoeleza matibabu yaliyofanyika. Kila baada ya miezi michache amrekodi mtoto kwa simu akisimulia kisa kile kile, na siku ya kliniki daktari asikilizishwe.