Cherehani bila hesabu haitulishi

Wandugu, tuseme ukweli. Miradi mingi inayokuja kusaidia vijana hapa Nakivale inakuja na cherehani. Tunafundishwa kushona, tunapigwa picha, tunapewa cheti. Halafu? Cherehani ngapi zimeishia kuuzwa ili nyumbani kupatikane unga? Mafundi wetu si wavivu. Shida ni kwamba mashine zinanunuliwa kwanza, soko linaulizwa baadaye, au haliulizwi kabisa.

Katika biashara ya nguo kuna kazi ya uchambuzi wa utafiti. Mchambuzi hashoni. Anafuatilia bei, anajua nani ananunua nini na msimu gani, anasoma ushuru na takwimu za forodha. Nguo za mitumba, kwa mfano, zina namba yake ya forodha, 6309, na mwenye simu na bando anaweza kuangalia nchi imeingiza kiasi gani.

Mambo hayo yanatuhusu sana. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuzuia nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru kupitia AGOA. Uamuzi wa wakubwa haukai ofisini, unashuka mpaka kwenye meza ya fundi.

Sasa tupige hesabu ya hapa kwetu. Kama gauni la mtumba linauzwa chini ya bei ya kitambaa peke yake, fundi wa magauni ya kila siku atashindana vipi? Lakini sare ya shule lazima ifanane na ya wenzako, na kwenye belo huipati kwa urahisi. Vitenge vya harusi, vya kwaya na vya msiba, mama zetu wanataka vishonwe kwa kipimo chao. Soko liko hapo. Kulijua hakuhitaji mtaalamu wa kuletwa na ndege.

Tena, tafiti zikija, sisi ndio tunatumwa kuzunguka sokoni na maswali, kwa posho ya siku. Tunatafsiri Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi. Majibu yanaondoka, ripoti inaandikwa mbali, na muuzaji aliyetoa muda wake haioni. Hiyo si haki.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kufanya kazi. Basi tunaomba mambo matatu. Mkitufundisha kushona, mtufundishe pia kuchambua takwimu kwenye kompyuta. Mkitutuma kukusanya majibu, mtuketishe pia pale yanapochambuliwa. Na matokeo yarudi sokoni, kwa lugha ambayo mama muuza mitumba anaielewa.

Na sisi vijana tusingoje. Daftari moja, bei za kila wiki, miezi sita. Mradi ujao ukifika na cherehani, tuupokee na hesabu mkononi.