MZEE HAJAACHA CHAMA



Mwenzetu akistaafu tunamchangia blanketi, tunampa mkono, kisha jina lake linafutwa katika daftari la tawi. Jambo hili si zuri hata kidogo.

Jack Jones alikuwa kuli bandarini Liverpool, Uingereza, na baadaye Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Alistaafu mwaka 1978, umri wake miaka 65. Hakukaa kivulini. Mwaka 1979 alianza kuwaunganisha wastaafu wa nchi nzima. Mwaka 1980 serikali ikakata kufuatana kwa pensheni na mishahara, na pensheni ikabaki nyuma. Wazee wakaandamana miaka mingi, wengine na mikongojo, naye Jones aliwaongoza hata akapita miaka 80. (Nani angewafukuza kazi?) Alifariki mwaka 2009. Pensheni ilirudi kufuata mishahara mwaka 2011, hakuiona.

Kwetu wapo wazee waliogoma zamani na wanaojua kila mkataba, nao wanashinda nyumbani bila kuulizwa neno. Kila tawi liandike wazee wake upya, bila kuwatoza mchango, na liwaite katika mkutano ujao. Wapewe viti vya mbele, na nafasi ya kusema.