Bati Jipya, Shamba la Nani?



Mtu aliyeviacha vijiji vyetu miaka thelathini iliyopita, akirudi leo atapotea njia. Palipokuwa na nyumba za nyasi pamesimama nyumba za matofali na bati. Mkulima hupokea fedha za mahindi yake kwa simu, bila kuteremka mjini. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na sasa umeme umefika karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, ambavyo ni zaidi ya 12,000. Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliihesabu nchi yetu miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Tunashukuru kwa hayo yote, wala hatutaki kuwa watu wa kunung'unikia neema.

Hata hivyo, haki hutudai tuulize: neema hii ni ya nani? Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa vijijini, 33 hawakuweza kujipatia mahitaji ya msingi. Utafiti wa 2017/18 ulikuta 31. Mijini walikuwa 16. Katika miaka hiyo, umaskini wa vijijini ulipungua kwa mwendo wa kinyonga.

Sisi tunaona kwamba sababu mojawapo iko chini ya miguu yetu, nayo ni ardhi. Barabara ikifika, shamba lililo kando yake hupanda thamani. Mnunuzi huja na fedha mkononi. Mwenye shamba ana mgonjwa nyumbani, au anatamani pikipiki ya biashara. Hutia dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma. Mwaka wa kwanza majirani humsifu kwa bati jipya. Mwaka wa tatu pikipiki imechakaa, naye hulima kibarua katika shamba alilorithi kwa baba yake. Katika vitabu vya hesabu kijiji kimeendelea, maana ardhi imelimwa na fedha zimezunguka. Lakini nyumba moja imeteremka, na watoto wake hawana pa kurudi.

Wako wanaosema kwamba wawekezaji huleta ajira, na kwamba taratibu nyingi huchelewesha maendeleo. Hatuwapingi wawekezaji, wala hatusemi kila anayeuza shamba amekosa. Twasema tu kwamba mapatano yanayoogopa kusomwa mbele ya wanakijiji si mapatano ya haki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imetupa kinga ambayo wengi wetu hatujaitumia. Kuuza haki ya kimila kwa mtu asiye mkazi wa kijiji kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani sisi sote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria hiyohiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Nayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni wajane wangapi wamefukuzwa shambani hali sheria iko upande wao, na jirani aliyeijua akanyamaza?

Nasi viongozi wa walei tujihoji. Katika harambee zetu tunampigia makofi anayetoa bahasha nene, wala hatuulizi alivyoyapata mashamba yake. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tunasema hiyo ni siasa, tunabaki nyumbani. Kisha tunalia ardhi ikiisha kugawanywa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila jumuiya ndogondogo itenge jioni moja kuisoma sheria hii pamoja. Wenye mashamba waombe hati ya hakimiliki ya kimila, na wenye ndoa waandikishe majina yote mawili. Tuviimarishe vyama vyetu vya kuweka na kukopa, ili ugonjwa wa usiku mmoja usimlazimishe mtu kuuza urithi wa miaka mia. Kwa kawaida mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa, twende, tusikilize mapato na matumizi, na tuulize bila matusi na bila woga. Usipoitishwa, tumwendee mwenyekiti wetu kwa heshima, tumwulize kwa nini.

Tunayatamani maendeleo, tena tunayatamani kwa wote. Tunaomba tu kwamba chini ya kila bati jipya aendelee kulala mwenye shamba, wala si kibarua wake.