MAMBO YA NYUMBA: Gitare na usingizi wa mwenzako

Vijana wengi wa kwaya wako na gitare nyumbani. Kisha kuoa, shauri linaanza. Bwana anatoka kazini, anatwaa gitare, na bibi anakunja uso. Ao bibi ndiye mwenye kupiga, na bwana amerudi asubuhi toka poste ya usiku, anatafuta kulala. Nyumba ya kampi ni ndogo. Mutu atajifunza namna gani?

Kwanza tujue hatari iko wapi. Mutumishi mwenye kukosa usingizi hawezi kuangalia vizuri mashini, wala mwamba ulio juu ya kichwa chake. Kulala muchana kwa mwenye poste si uvivu. Basi usingoje akasirike. Uliza mbele: "Mama, nipige saa ngapi?" Ao: "Baba, utalala mpaka saa ngapi?" Andikeni saa za juma kwenye karatasi. Poste ikibadilika, karatasi nayo ibadilike.

Kisha punguza sauti kwenye gitare yenyewe. Uzi peke yake una sauti ndogo. Sanduku la mbao ndilo linaikuza. Kwa hiyo:

1. Kunja kitambaa, ukiingize chini ya nyuzi zote, karibu na pale zinapofungwa juu ya sanduku. Sauti itakuwa fupi, "tup, tup", lakini utasikia bado kama umekosa noti.

2. Piga na nyama ya kidole, si na ukucha wala kipande cha plastiki. Marehemu Mwenda Jean-Bosco (1930–1990), ambaye Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, alitumia kidole gumba na kidole cha pili tu. Vidole viwili vinatosha kazi kubwa.

3. Gitare isiguse meza, mulango wala kitanda, maana mbao hizo nazo zitalia. Kaa mbali na ukuta wa chumba cha kulala.

4. Zoeza mkono wa kushoto peke yake. Toka akordi moja kwenda ingine bila kugusa nyuzi na mkono wa kuume. Dakika 10 za namna hii hazisikiki na mutu.

5. Kama gitare yako ni ya umeme, yenye mwili wa mbao nzima, usiiunge kwenye mashini ya sauti. Wewe utaisikia, mwenye kuwa chumba kingine ataisikia kidogo sana.

Tena kumbuka hili: kipande kimoja kikirudishwa mara 30 kinachosha masikio, hata kwa sauti ndogo. Kipande kigumu ukiwekee saa mwenzako yuko sokoni ao kazini. Na dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa 2 za siku ya posho.

Na wewe mwenye kulala, usiseme tu "Acha makelele!" Mupe mwenzako saa yake ya kweli. Akikosa nafasi nyumbani, ataenda kujifunza kwa rafiki mpaka usiku, na hapo wote wawili mumepoteza.

Siku wimbo utakapokuwa tayari, toa kile kitambaa. Mupigie yeye kwanza, mbele ya kwaya.