Picha za Karatasi na Adui Zake

Mtu wa Kipsongo akitaka kulitazama Jumba la Makumbusho la Kitale hana safari ndefu. Chanzo chake ni mali ya Mzungu mmoja, Kanali Stoneham, aliyefungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi vitu vyake, na jumba la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Wageni hupenda kusimama penye ndege na vipepeo. Lakini katika makumbusho yoyote, picha za karatasi ndizo zinazozusha manung'uniko: mbona zinafungiwa kabatini?

Sababu ni mwanga. Nani hajabandika gazeti ukutani? Mwaka haupiti, limekuwa la manjano, na ukiligusa linakatika. (Hata hili ulisomalo halitasalimika.) Rangi za maji nazo hupauka, buluu ya mlima hugeuka kijivu, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha. Madhara ya mwanga hujumlishwa kama deni: kufunika picha leo hakufuti jua la jana. Kwa hiyo watunzaji huitoa kwa miezi michache tu, penye mwanga hafifu, kisha huirudisha gizani. Maua ya Kenya aliyoyachora Joy Adamson kwa rangi za maji, yaliyo katika makumbusho ya Nairobi, ni kazi za namna hiyo.

Taabu yote hiyo ina faida. Nchi ya Mlima Elgon ilihesabiwa upande wa Uganda mpaka mwaka 1902, na Sir Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe maalumu huko tangu 1899 hata 1901, alikuwa pia mchoraji. Picha za kamera za siku zile hazikuwa na rangi. Aliyetaka kujua msitu ulikuwa kijani cha namna gani kabla ya mashamba ya mahindi, alitegemea brashi.

Basi kijana anayeuchora mlima kutoka Kipsongo na atumie kalamu ya risasi, kwa maana weusi wake haupauki kwa mwanga kama wino mwingi wa afisini. Asiibandike picha kwa gundi. Ailaze ndani ya sanduku, mbali na unyevu na mchwa, na nyuma yake aandike polepole tarehe na mahali. Picha isiyo na maandishi hayo humtesa mtunzaji: mlima huu ni upi, na aliyeuchora alisimama wapi?