Ekipe gani kwa mtoto wako?

Mpira si dhambi. Hata TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa na watawa Wabenedikto, mwaka 1939. Lakini hapa Kalemie, mbele ya kumtoa mtoto, enda wewe mwenyewe kiwanjani. Nani anawafundisha? Anawatukana? Mazoezi yanakula saa za masomo ao za ibada? Mtoto akivunjika mguu, nani anampeleka hospitali?

Wakitaka kupunguza miaka yake kwenye karatasi, kataa: ni uongo. Akija mtu kuomba franga eti atampeleka Ulaya, kumbuka FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda inchi ingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mtoto ni amana ya Mungu, hatumuweki rehani.